Mnara wa Ida B. Wells pale Chicago: kwa nini hauna sura yake?

#1 BintiKigamboni
Wakuu, salaam. Naishi Chicago mwaka wa sita sasa. Jumapili iliyopita nilitoka zamu ya usiku, na badala ya kwenda kulala nikapanda basi namba 4, la Cottage Grove, nikashuka mtaa wa 37 na kutembea kidogo hadi Langley. Nilikwenda kuuona mnara wa Ida B. Wells, yule mwandishi aliyepigania haki ya kura na kupinga watu weusi kuuawa na makundi bila kuhukumiwa.

Kichwani nilikuwa na picha yangu: mama wa shaba, nywele zimefungwa juu, kola imepanda shingoni, kama alivyo kwenye picha zake za zamani. Nikakuta nguzo tatu, na juu yake mapande ya shaba yamepindwa na kusokotana, yanapanda angani kama moto unaopigwa na upepo. Mnara una kimo cha kama mita 10. Nimeuzunguka mara mbili natafuta uso. Chini yapo maneno yake na habari za maisha yake, lakini juu hakuna jicho, hakuna pua, hakuna mkono.

Nimerudi nyumbani usingizi umekata. Mwanamke huyu maisha yake yote alikuwa anaambiwa akae nyuma asionekane. Leo anajengewa mnara, bado haonekani? Au kuna jambo sijalielewa? Naomba mnielimishe.

#2 Kisiki
Dada, kabla hatujafika kwenye uso, mwenyewe ni nani? Wengine jina hilo ndiyo kwanza tunalisikia leo.

#3 MwalimuTabora
Kisiki, vuta kigoda.

Ida Bell Wells alizaliwa tarehe 16 Julai 1862 huko Holly Springs, Mississippi. Alizaliwa mtumwa, kwa kuwa wazazi wake walikuwa mali ya watu. Mwaka 1878 homa ya manjano ikapita mjini kwao, ikachukua baba, mama na mdogo wao aliyekuwa bado mchanga. Ida alikuwa na miaka 16. Watu wazima wakakaa kikao kugawana watoto, huyu aende kwa fulani na yule kwa fulani. Ida akakataa katakata. Akashusha pindo la gauni aonekane mkubwa, akaenda kufundisha shule ya kijijini, akawalea wadogo zake kwa mshahara huo.

Bibi yangu mzaa mama alipita njia hiyohiyo, ndiyo maana habari hii huwa hainitoki. Baadaye Ida akahamia Memphis, akawa mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti lililoitwa Free Speech. Yaliyobaki wataongeza wengine, mimi nina madaftari ya kusahihisha.

#4 Mtaa_wa_Saba
Mimi naona jibu ni fedha. Mnara huo haukujengwa na serikali kwa hazina yake. Kitukuu wake, Michelle Duster, na kamati yao walihangaika zaidi ya miaka kumi kuchangisha dola 300,000, wakapokea hata michango midogo midogo ya watu wa kawaida mtandaoni. Sanamu ya mtu kamili, yenye vidole na mikunjo ya nguo, bei yake si mchezo. Wakachukua njia nafuu.

#5 Fundi_Gerezani
Mtaa_wa_Saba, hapo hapana. Mimi nachomelea vyuma mwaka wa 19 huu, acha nikueleze.

Sanamu ya mtu unaifinyanga kwa udongo, unatoa kalibu, unamimina shaba. Ni kazi ngumu, lakini kalibu ikishakaa sawa, shaba inajua pa kwenda. Huyu mchongaji, Richard Hunt, alijulikana kwa kuchomelea, kipande kwa kipande. Shaba nyeusi ikipata joto inatanuka kuliko chuma cha geti. Ukichomelea sehemu moja, upande wa pili unapinda bila kukuomba ruhusa. Kisha kila mshono lazima usagwe na kupigwa msasa mpaka mkono ukipita usihisi kitu. Nimeikuza picha ya mnara huo hadi simu ikaanza kupata moto, nikitafuta mshono. Sijauona hata mmoja.

Mtu anayetafuta unafuu hafanyi kazi ya namna hiyo.

#6 Shairi_la_Pwani
Naomba nami nitie neno, kutoka Mombasa. Mnara wenyewe unaitwa Nuru ya Ukweli. Jina limetoka kwenye maneno ya bibi huyo, aliposema kwamba njia ya kurekebisha maovu ni kuyamulika kwa nuru ya ukweli. Sasa niambieni, nuru ina pua? Nuru ina masikio? Mchongaji kachonga lile alilolisema, hakumchonga msemaji. Nasi huku pwani twalijua hilo zamani. Ingia msikiti wowote wa kale, hutaona picha ya mtu, utaona maneno yamechongwa, na watu hulia mbele ya maneno.

#7 MtanganyikaHalisi
Mbona sanamu yake yenye uso ipo? Iko Washington, ndani ya jengo la Bunge la Marekani. Ya marumaru nyeupe, mama mnene wa heshima, amevaa joho la wasomi na ameshika ua jeusi. Nimeiona picha kwa macho yangu.

#8 Wakili_Nusu
Mkuu MtanganyikaHalisi, picha umeiona sawa ila umemchanganya mtu. Huyo ni Mary McLeod Bethune, yule wa Florida, aliyefungua shule ya wasichana Daytona mwaka 1904 akiwa na dola moja na nusu na wanafunzi watano. Naye alipigania kura. Mwaka 1920 alikuwa anaandikisha watu weusi kupiga kura, Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, wakaja shuleni kwake usiku kumtisha, naye hakuondoka.

Sanamu unayoisema ilizinduliwa Julai 2022. Kila jimbo lina haki ya kuweka sanamu mbili katika jengo lile, na Florida ilimwondoa jenerali wa jeshi lililopigania utumwa ikamweka Bethune mahali pake. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwakilisha jimbo katika mkusanyiko ule. Ana mnara mwingine pia hukohuko Washington, pale Lincoln Park, tangu 1974, na pale amechongwa akiwakabidhi watoto wawili urithi wake.

#9 MtanganyikaHalisi
Nimesahihishwa, asante wakili. Na ile sanamu ya wanawake watatu pale Central Park, New York, yule mmoja mweusi ni nani? Isije ikawa naye nimemchanganya.

#10 Wakili_Nusu
Yule mweusi ni Sojourner Truth. Walimwongeza baadaye. Mchoro wa kwanza ulikuwa na wanawake wawili weupe tu waliopigania kura, Susan B. Anthony na Elizabeth Cady Stanton, watu wakapiga kelele, ndipo naye akapata kiti mezani. Mnara ulizinduliwa tarehe 26 Agosti 2020. Turudi Chicago.

#11 Dada_Mhariri
Nimesoma uzi huu tangu asubuhi nikiwa kazini, na ninataka kusema jambo ambalo kwangu ndilo kiini.

Machi 1892, Memphis. Thomas Moss alikuwa mpeleka barua na alikuwa na hisa katika duka la vyakula la watu weusi, pembeni ya mji, pale tramu ilipokata kona. Ng'ambo kulikuwa na duka la mzungu lililokuwa limezoea kuuza peke yake. Ugomvi wa watoto ukawa wa wakubwa, bunduki zikalia, Moss na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, wakawekwa jela. Usiku kundi likaingia jela, likawatoa, likawapeleka uwanjani na kuwapiga risasi. Ida alikuwa mama wa ubatizo wa binti wa Moss.

Mpaka siku hiyo, kwa kukiri kwake mwenyewe, alikuwa anaamini kwa sehemu yale yaliyoandikwa magazetini: kwamba wanaouawa hivyo ni wabakaji, watu wana hasira, wafanyeje. Lakini Moss alimjua. Moss kosa lake lilikuwa kuuza unga na sukari vizuri kuliko jirani yake. Ida akaanza kuchunguza moja moja. Alikwenda mwenyewe, akauliza majina, akahesabu. Takwimu alizichukua kwenye magazeti ya wazungu wenyewe, ili asije mtu kusema amezitunga. Akakuta kwamba shutuma ya ubakaji mara nyingi haikuwepo hata kwa maneno ya wauaji. Mei mwaka uleule akaandika hivyo gazetini. Yeye akiwa safarini kaskazini, ofisi ikavunjwa na mitambo ikaharibiwa, na akaonywa kwamba akirudi Memphis atauawa.

Sasa la kwangu. Nilipoanza kazi nikiwa kijana, katika gazeti ambalo silitaji, nilitumwa sokoni ambako mtu ameuawa kwa mawe na matairi. Sikuuliza jina lake. Niliandika sentensi tunayoijua sote: "Ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kutuhumiwa kuiba." Maneno yote yalikuwa tayari kichwani kabla sijafika sokoni. Siku tatu baadaye mama yake akaja ofisini na kitambulisho cha mwanawe mkononi. Hakupiga kelele. Alitaka tu tuandike kwamba mwanawe alikuwa anaitwa nani, na kwamba alikuwa amekwenda kununua dagaa. Mhariri wangu akasema habari imeshapita. Nimekuwa mhariri mimi mwenyewe sasa, na sentensi ile nimeipiga marufuku kwenye dawati langu.

Kwa hiyo BintiKigamboni, mimi ule mnara nikiutazama sidai uso. Naona mwanamke aliyewarudishia wengine majina.

#12 Kisiki
Dada_Mhariri, nimesoma mara mbili. Asante.

Swali la lugha: kitendo chenyewe tunakiitaje kwa Kiswahili? Naona kila mtu anazunguka.

#13 NjooNikwambie
Si kujichukulia sheria mkononi?

#14 Wakili_Nusu
Haitoshi, NjooNikwambie. Ukisema "kujichukulia sheria mkononi" unadokeza kwamba sheria ilikuwa mahali fulani imelala, watu wakaichukua. Kule sheria ilikuwa macho na ilikuwa upande wa wauaji. Moss na wenzake walitolewa ndani ya jela, chini ya ulinzi wa serikali, na hakuna aliyefungwa kwa mauaji yao. "Kunyonga" nako hakutoshi, maana wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa moto.

#15 Dada_Mhariri
Dawatini kwangu tunaandika "mauaji ya kundi". Halijakaa vizuri kabisa, lakini angalau linaita mauaji mauaji.

#16 Shairi_la_Pwani
Nami naafiki "mauaji ya kundi", ila kwa kisa hiki ningeongeza "ya kutisha watu". Maana kundi halikuwa na hasira, lilikuwa na shabaha.

#17 Bukavu_Moja
Jambo bandugu. Mimi ni wa Bukavu, niko Chicago tangu 2011, upande wa kaskazini, Rogers Park. Mnazungumzia mchongaji, mnazungumzia maneno, lakini hakuna aliyezungumzia pale mahali.

Pale ulipo mnara palikuwa na mtaa mzima wa nyumba za serikali ulioitwa Ida B. Wells Homes. Zilifunguliwa 1941, nyumba 1,662, miaka kumi tu baada ya mama huyo kufariki. Watoto wengi weusi wa Chicago wamelelewa humo. Mwanzoni zilikuwa nzuri, watu walipanga foleni kupata nafasi. Halafu matengenezo yakaachwa, umaskini ukajaa, na kuanzia 2002 hadi 2011 wakazibomoa zote. Kazini kwangu kuna mzee mmoja amezaliwa humo. Aliniambia hivi: "Walipobomoa, hata jina letu walilipakia kwenye lori." Watu wakasambazwa kila upande.

Mimi neno hilo naliweka moyoni kwa sababu najua kurudi mahali ukakuta nyumba yenu haipo na jirani wapya hawajui kama mliwahi kuwapo. Kwa hiyo naona mnara ule kwanza ni wa kurudisha jina pale chini. Kama ni uso au siyo uso, kwa yule mzee hiyo ni habari ya pili.

#18 BintiKigamboni
Bukavu_Moja, kaka, miaka yote hii tuko mji mmoja na sikujui! Nyumba za pale sasa ni mpya, safi, na miti yake bado michanga. Nilipita nisijue nakanyaga nini. Asante.

#19 AshaWaUpanga
Wanaume mmechukua uzi mkaupeleka kwenye kuchomelea na kubomoa. Kura mmeisahau, na mleta uzi alianza nayo.

Tarehe 30 Januari 1913 Ida alianzisha Alpha Suffrage Club, chama cha wanawake weusi wa Chicago cha kudai kura. Miezi miwili haijafika wakaenda Washington kwenye maandamano makubwa ya tarehe 3 Machi, siku moja kabla rais mpya hajaapishwa. Susan B. Anthony akamwambia Ida asitembee na wenzake wa Illinois, jimbo la Chicago, akae nyuma kabisa na kundi la weusi, wazungu wa kusini wasichukie. Ida akasema hatembei kabisa kama si na Illinois. Akatoweka. Wote wakadhani amesusa. Maandamano yakaanza, na msafara wa Illinois ulipofika karibu naye, akatoka kati ya watazamaji pembeni mwa barabara, akaingia mstarini katikati ya wanawake wawili weupe waliokuwa upande wake, Belle Squire na Virginia Brooks, akaenda nao hadi mwisho.

Mimi jibu langu kwa mleta uzi ni hili: alitoka ndani ya umati. Mnara usio na uso ndio huo umati.

#20 MwalimuTabora
Asha, umesimulia vizuri hata nimeacha kalamu nyekundu, lakini lazima niishike tena. Susan B. Anthony alifariki 1906. Asingeweza kumrudisha mtu nyuma 1913. Aliyewasilisha agizo ni kiongozi wa msafara wa Illinois, Grace Wilbur Trout, baada ya kuletewa shinikizo kutoka kwa wakubwa wa maandamano.

Na tumtendee haki marehemu. Ida aliwahi kufikia nyumbani kwa Anthony huko Rochester. Siku moja Anthony alitoka akamwachia mwandishi wake wa hati mkato amwandikie Ida barua zake. Yule binti akakaa tu. Anthony aliporudi na kuuliza, akajibu kwamba yeye hapokei imla kutoka kwa mtu mweusi. Anthony akamwambia hapo hapo achukue kofia yake aende. Ida mwenyewe ndiye aliyelieleza hilo. Lakini aliandika pia kwamba alimkosoa Anthony usoni kwa kuwanyamazia wazungu wa kusini ili apate uungwaji mkono wao kwenye kura. Walipendana na hawakukubaliana.

#21 AshaWaUpanga
Shikamoo mwalimu, nimepokea. Nilisoma mahali nikachanganya majina. Hoja yangu ya umati lakini naishikilia.

#22 MwalimuTabora
Marahaba. Ishikilie, haina kosa la tahajia.

#23 Mtaa_wa_Saba
Asha, hiyo kura ilileta nini cha kushikika? Nauliza kwa nia njema.

#24 AshaWaUpanga
Swali zuri. Juni 1913 Illinois iliwapa wanawake kura ya rais na ya serikali za miji. Wanawake wa Alpha wakaingia mtaani, mlango kwa mlango, kuandikisha wenzao. Wanaume, weusi wenzao, wakawazomea: rudini nyumbani mkalee watoto. Baadhi wakarudi wanalia, wanataka kuacha. Ida akawarudisha tena mtaani. Mwaka 1915 Oscar De Priest akachaguliwa diwani wa kwanza mweusi wa Chicago, na kura za wanawake wale zilikuwemo. Mwaka 1930 Ida naye akagombea useneti wa jimbo. Alishindwa. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Machi, akafariki.

Ule mwaka wa 1930 naupenda sana. Alikuwa na miaka 67.

#25 NjooNikwambie
Mnasimulia utu uzima wake. Mimi nampenda wa kwenye treni. Amekata tiketi ya behewa la akina mama, kondakta anamwambia ahamie behewa la moshi. Hakuhama. Kondakta akamshika mkono, Ida akamng'ata. Ilibidi waje wanaume watatu kumtoa.

#26 Wakili_Nusu
Na akawashtaki. Alishinda mwaka 1884, akapewa dola 500, kisha 1887 Mahakama Kuu ya Tennessee ikaitengua hukumu na kumtwisha gharama za kesi. Hii ni zaidi ya miaka 70 kabla ya Rosa Parks, yule mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi la Montgomery.

#27 Kisiki
Kuhusu kiti. Dada yangu alikata tiketi ya kiti cha mbele cha basi la mkoani, akiwa mjamzito wa miezi saba. Akaja mtu mwenye suti, konda akamwambia dada "mama, wewe utakaa popote". Akahamishiwa kiti cha nyuma juu ya tairi, saa tisa za barabara ya vumbi. Abiria wote tulinyamaza, na mimi nilikuwemo. Nilikuwa na miaka 15. Ninapomsoma huyu mama wa Mississippi namfikiria dada yangu, na najiuliza kama mtu mmoja tu angesema neno.

#28 Dada_Mhariri
Pole kwake, Kisiki. Umelisema leo.

#29 BintiKigamboni
Nimekwenda maktaba juzi, naongeza jambo ambalo limenigeuza kidogo.

Richard Hunt alizaliwa Chicago mwaka 1935, upande huohuo wa kusini. Mwaka 1955 Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyekulia Chicago, alikwenda kutembelea ndugu zake Mississippi akauawa. Mama yake akataka jeneza liachwe wazi, watu waone walichomfanyia mwanawe. Hunt alikuwa kijana wa miaka 19, alikwenda, akapita mbele ya jeneza lile. Ndiyo miaka aliyokuwa anajifundisha kuchomelea.

Kwa hiyo aliyeuchonga mnara wa Ida ni mtu aliyeuona uso wa mtoto aliyeuawa kwa namna ileile Ida aliyoipinga. Nimekaa nikawaza, labda mtu aliyeuona uso ule akiwa na miaka 19 ana sababu zake za kuchonga kitu kinachopanda juu. Hili ni wazo langu tu. Hunt alifariki Desemba 2023, miaka miwili na nusu baada ya mnara kuzinduliwa tarehe 30 Juni 2021.

#30 Mtaa_wa_Saba
Dada, wazo zuri, lakini Hunt amefanya kazi zaidi ya 160 za hadharani na nyingi ni za mtindo huo, za kupinda na kupaa. Hata ile aliyoitengeneza Memphis kumkumbuka Martin Luther King, ya 1977, haina sura ya King. Ukimpa kazi Hunt unajua utapata Hunt. Jibu rahisi zaidi ni kwamba kamati ilimchagua msanii mkubwa mweusi wa mji wao, na huo ndio mkono wake.

#31 Fundi_Gerezani
Hapo Mtaa_wa_Saba nakubaliana nawe, kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu.

#32 Mama_Wawili
Natofautiana na nyote, kwa heshima.

Nina mabinti wawili, tunaishi Minnesota. Wa kwanza ana miaka tisa. Kila uwanja tunaopita kuna mwanamume mweupe juu ya farasi, ana uso, ana masharubu, hata farasi ana uso. Mwanamke mweusi akifikiwa na zamu yake, tunaambiwa nuru haina pua? Mtoto wa miaka tisa haoni "umati" pale. Anaona chuma kizuri. Nataka aone pua kama yake na mdomo kama wake kwenye shaba, juu ya jiwe, katikati ya mji, mtu akipita amwangalie.

Memphis walilielewa hilo. Wiki mbili baada ya Chicago, tarehe 16 Julai 2021, siku ya kuzaliwa kwake, walizindua sanamu yake pale Beale Street, karibu na kanisa lilikokuwa gazeti lake. Amesimama mzima mzima, na gauni lake, katika mji uliomwambia akirudi atauawa. Nilimpeleka binti yangu. Alimsogelea, akasimama pembeni yake, akapimisha urefu kwa kiganja kutoka kichwani mwake hadi begani mwa Ida. Hakuniuliza maana yake nini.

#33 Shairi_la_Pwani
Mama_Wawili, hapa nimenyamaza. Nuru yangu naiweka pembeni kwa muda.

#34 AshaWaUpanga
Mimi sinyamazi, ila nakiri kwamba kile kiganja kimenipata.

#35 Wakili_Nusu
Kwa wanaotafuta uso, upo na unaongezeka. Agosti 2020 pale Union Station, Washington, walitandaza sakafuni picha yake kubwa iliyoundwa kwa maelfu ya picha ndogo za wanawake waliopigania kura. Mwaka 2025 sura yake imetoka kwenye sarafu ya senti 25 ya Marekani. Na katikati ya Chicago ile barabara ya Congress imekuwa Ida B. Wells Drive tangu 2019, barabara ya kwanza ya katikati ya mji huo kupewa jina la mwanamke mweusi.

#36 MtanganyikaHalisi
Barabara ni jambo zito. Mimi Dar napita Barabara ya Bibi Titi Mohamed kila siku asubuhi. Juzi nikamuuliza kondakta kijana Bibi Titi ni nani, akajibu "ni kituo".

#37 MwalimuTabora
Umeniumiza. Hiyo ifunguliwe uzi wake.

#38 Bukavu_Moja
Nimerudi na habari. Yule mzee wa kazini nimemsomea uzi huu, namtafsiria mstari kwa mstari wakati wa mapumziko. Alipofika kwa Mama_Wawili akasema mama huyo ana haki. Nikamuuliza, basi mnara wa Langley ni kosa? Akasema hapana. Akasema yeye akisimama pale jioni hatazami juu. Anatazama chini kwenye maandishi, halafu anatazama upande ulikokuwa mlango wa nyumba yao, anahesabu hatua. Anasema zamani alikuwa hana pa kuanzia kuhesabu.

#39 BintiKigamboni
Kaka, mwambie nimemsikia.

Nimekwenda tena jana, saa kumi jioni. Theluji ilikuwa imekaa kwenye mikunjo ya juu, na jua la upande likagusa shaba, mikunjo mingine ikawa rangi ya asali na mingine myeusi kabisa. Alikuja baba mmoja na mtoto begani. Mtoto akanyoosha kidole akasema moto. Baba akainama akasoma yaliyoandikwa chini, kwa sauti, taratibu, mtoto akichezea masikio yake. Nilisimama mpaka akamaliza, vidole vyangu vimekufa ganzi.

Bado nautaka uso, Mama_Wawili. Lakini safari hii sikuuzunguka nikiutafuta.

#40 Fundi_Gerezani
Dada, ukienda tena niombee jambo moja. Piga picha kwa karibu pale nguzo zinapokutana na msokoto, upande wa chini usioelekea barabarani. Mshono wa fundi huwa unaonekana hapo kama upo.

#41 BintiKigamboni
Jumamosi, Mungu akipenda. Bukavu_Moja, tukutane kituo cha basi namba 4, mtaa wa 37, saa nne asubuhi. Njoo na mzee.